Uwanda Usiotiwa Mbolea

Nyuma ya minazi ya marehemu babu, ng'ambo ya kusini ya Mto Pangani, kuna uwanda wa nyasi wa ekari zipatazo nane ambao tangu nipate akili sijawahi kuuona ukilimwa. Udongo wake ni kichanga chepesi kinachopitisha maji upesi, na kila aliyejaribu kupanda mahindi pembezoni mwake aliambulia mabua membamba yenye majani ya manjano. Babu aliuacha uwe malisho, akakata nyasi zake za kulishia wakati wa kiangazi, na samadi ya ng'ombe waliolala zizini akaipeleka kwenye migomba na mihogo iliyokuwa karibu na nyumba. Baada ya masika ya mwaka huu tulikaa kikao cha familia chini ya mwembe ili tuamue uwanda huo ufanywe nini, na tuliinuka jua likizama bila ya kuafikiana.

Kaka yangu, anayefuga ng'ombe wa maziwa kwa kuwafungia bandani karibu na Tanga mjini, alitaka uwanda ulimwe, utiwe mbolea na upandwe mabingobingo. "Mdogo wangu, ng'ombe hali maua," aliniambia, na hakuwa akitania, kwa sababu kila kiangazi hulazimika kutuma gari kutafuta majani mbali na kulipia mafuta, dereva na mkataji. Binti ya shangazi, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, alitaka uwanda uzungushiwe uzio, mifugo itolewe, na mimea iachiwe ijiendee yenyewe, kwani ameshuhudia malisho mengi yakikwanguliwa na kwato mpaka ardhi ikabaki tupu. Mjomba, ambaye ujana wake aliumaliza akichunga katika ranchi ya Mkwaja, aliwasikiliza wote wawili kwa utulivu, kisha akasema kuwa uwanda ule hauhitaji mbolea wala uzio, unahitaji moto na meno. Mimi nilikuwa karibu zaidi na mjomba, ingawa si kwa kila alilolisema, na kwa kuwa sababu zangu ni ndefu kuliko zamu niliyopewa kuzungumza, nimeona niziandike hapa.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimetangulia uwandani na kamba niliyoifunga iwe mraba wa mita moja kila upande, nikailaza chini na kupiga magoti. Mtu anayepita njiani huona nyasi tu. Akiinama ataona kuwa hizo nyasi zenyewe ni za namna nyingi: zipo zenye mbegu mfano wa mkuki, ambazo hujizungusha zikipata unyevu na kung'ang'ania nguo mpaka zikafika mwilini, zipo nyembamba kama nywele zisizozidi urefu wa kidole, na upo ukoka unaotambaa chini ya zote. Katikati yake palikuwa na kunde mwitu iliyojiviringisha kwenye mabua ya wenzake, marejea yenye maua ya manjano, kivumbasi kilichotoa harufu goti langu lilipokigusa, ndago, na mimea kadhaa ambayo majina yake siyajui kwa lugha yoyote. Nyuki wadogo, wale wasiouma, walikuwa wakitoka ua hadi ua bila ya kunijali. Nilipofika aina ya ishirini na moja niliacha kuhesabu, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda na wazee walikuwa wakinisubiri, lakini mraba ulikuwa haujaisha.

Hatua mia mbili kutoka pale kuna kipande ambacho nilikiharibu kwa mikono yangu. Nilikuwa afisa ugani kijana, nimejaa yale niliyofundishwa darasani, nikamshawishi babu aniachie robo ekari nimwoneshe jinsi malisho bora yanavyotengenezwa. Nilimwaga urea misimu mitatu mfululizo na kuongeza samadi mbichi juu yake. Mwaka wa kwanza nyasi zilifika kiunoni na majirani walikuja kutazama. Kufikia mwaka wa tatu, nyasi ndefu ya aina moja ilikuwa imekamata kipande chote, na chini yake palikuwa na giza na udongo mtupu. Kunde mwitu haikuonekana tena wala marejea, na kiangazi kilipokaza ile nyasi niliyoisifia iligeuka mabua magumu ambayo ng'ombe waliyapita bila ya kuyagusa. Babu hakunilaumu hata kwa neno moja. Alichofanya ni kuacha kupeleka ng'ombe upande ule, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa jambo lile lilikwisha kuonekana Uingereza zaidi ya karne moja kabla sijazaliwa. Mwaka 1856, huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo katika mji wa Harpenden, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert waligawa uwanda wa zamani wa nyasi katika vipande, vingine wakavitia mbolea za aina mbalimbali na vingine wakaviacha bila ya kuvitia chochote, vyote vikikatwa kila mwaka kwa ajili ya hei, yaani nyasi zinazokaushwa za kulishia mifugo. Lengo lao lilikuwa kupima mavuno, lakini baada ya miaka michache tu vipande vile vilikuwa vimeanza kutofautiana kama kwamba vilipandwa mbegu tofauti. Jaribio hilo linaendelea mpaka leo. Vipande ambavyo havikutiwa kitu vina aina za mimea zipatazo 40, ilhali katika vile vilivyotiwa chumvi za amonia kwa wingi zimebaki aina mbili au tatu, na udongo wake umekuwa mchachu kupindukia. Hei ya vipande vyenye mbolea ni nyingi zaidi kwa uzito, na hapo hoja ya kaka inasimama. Vipo pia vipande vilivyotiwa fosforasi na potasiamu bila ya naitrojeni, na huko mimea ya jamii ya kunde ndiyo iliyonawiri, kwa sababu yenyewe hujitengenezea naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi.

Sababu ya mmea mmoja kuwashinda wenzake pale chakula kinapozidi ni mwanga. Katika ardhi yenye rutuba ndogo hakuna mmea unaopata nguvu ya kurefuka mpaka ukawafunika wengine, hivyo kila mmoja hupata nafasi yake, mwingine kwa mizizi mirefu, mwingine kwa kuchanua mapema, mwingine kwa kujibanza chini. Mbolea ikija, mwenye uwezo wa kurefuka haraka hutangulia, na walio chini hufa kwa kukosa jua. Mwaka 2009 watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha jaribio lililonivutia sana: walitia mbolea kwenye nyasi, kisha wakaweka taa chini ya majani ili mimea mifupi ipate mwanga, na ile mimea ambayo ingepotea ikabaki. Nilipolisoma niliikumbuka robo ekari yangu na lile giza la chini.

Kuna mmea mmoja wa nyanda za Ulaya ambao hupenda kuutaja ninapozungumza na wakulima wa huku. Kitaalamu unaitwa Rhinanthus, nao hupachika mizizi yake kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya, nyasi zikadhoofika, maua mengine yakapata pa kutokea, hivyo wanaotunza nyanda hizo huipanda mbegu yake kwa makusudi. Ni wa familia moja na kiduha chetu, lile gugu linalonyonya mizizi na kuwaliza wakulima wa mahindi na mtama. Mkulima yeyote wa Handeni akisikia kuwa kuna watu wanaopanda ndugu wa kiduha kwa hiari yao atashika kichwa, lakini kazi anayoifanya ndugu huyo katika uwanda wa hei ni ya manufaa kwa sababu pale anayetakiwa kupunguzwa nguvu ni nyasi yenyewe.

Sitaki kumdhulumu kaka, kwani hoja yake imewahi kuwa sera ya nchi nzima. Inakadiriwa kuwa kati ya miaka ya 1930 na 1984 Uingereza na Wales zilipoteza asilimia 97 ya nyanda zao zenye maua mengi, na sehemu kubwa ilipotea kwa jembe la trekta na mfuko wa mbolea, katika miaka ambayo watu walikuwa wametoka vitani na wanahitaji chakula. Mkulima aliyelima uwanda wake wakati ule alitimiza aliloombwa na serikali yake. Leo nchi hizo hizo zinatumia fedha nyingi kurudisha kidogo walichokipoteza, na kikwazo kikubwa ni fosforasi iliyobaki ardhini, ambayo haiondoki upesi kama naitrojeni. Mfuko mmoja unaomwagwa kwa nusu siku unaweza kumchukua mtu miaka mingi ya kukata na kubeba mpaka athari yake iishe. Hilo ndilo linalonifanya nimsihi kaka asikimbilie.

Hoja ya uzio ni ngumu zaidi kwangu, kwa sababu binti ya shangazi na mimi tunapenda kitu kimoja. Nilimchukua mpaka kona ya kaskazini ya uwanda, iliyokaa karibu miaka kumi bila ya mnyama wala mundu kutokana na mgogoro wa mpaka. Hatukuweza kuingia zaidi ya hatua tano. Mti ambao Wazigua huuita mkulagembe, wenye miiba migumu na maua ya rangi mbili, zambarau na manjano, yanayoning'inia, umefungana mpaka mbuzi hapiti. Pembezoni mwake nyasi ni chache, na ndani kabisa hakuna. Mkulagembe ni wa jamii ya kunde, hivyo majani yake yakianguka huongeza naitrojeni kwenye udongo, na mizizi yake ikikatwa huchipua upya. Katika pwani inayopata mvua za masika na za vuli, uwanda usiokatwa, usiochungwa wala kuchomwa haubaki uwanda. Yeye alinijibu kuwa zamani nyati na tembo ndio waliofanya kazi hiyo, na ni kweli. Lakini ekari nane zilizo katikati ya minazi na mashamba ya watu haziwezi kuwasubiri tembo, na wakija kesho sisi ndio tutakaokuwa wa kwanza kupiga madebe.

Hapo mjomba aliingilia. Ranchi ya Mkwaja ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni, katika nyika yenye mbung'o wengi, na kwa karibu nusu karne maelfu ya ng'ombe walichungwa humo kwa kudungwa sindano za dawa, kuogeshwa kwenye josho na kufyekewa vichaka. Ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaunganishwa na Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mjomba anakumbuka jinsi vichaka vilivyokuwa vikirudi nyuma yao kila walipovifyeka, hasa mkulagembe na ile migunga yenye vinundu vilivyotobolewa na sisimizi, ambavyo upepo ukipita hupiga mbinja usiku kucha. Watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, waliofanya kazi huko baada ya ranchi kufungwa walieleza jambo hilo hilo: mifugo ilipozidi nyasi zilichoka, moto ukakosa cha kuunguza, na vichaka vikapata njia. Kwa hiyo mjomba hatetei ng'ombe wengi. Aliwaona.

Aliongeza jambo ambalo nililiandika papo hapo. Ng'ombe walikula nyikani mchana na kulala zizini usiku, na usiku ndipo samadi iliporundikana, mwaka baada ya mwaka, mahali pamoja. Kuzunguka mazizi ya zamani udongo ulinenepa, ukoka ukatanda kama mkeka, na ng'ombe walipoondoka tohe na ngiri ndio waliokuwa wakija kula hapo. Rutuba ya nyika nzima ilikuwa ikibebwa kwa matumbo na kumwagwa penye kiduara kidogo. Nilipomsikiliza nilielewa hatimaye alichokuwa akikifanya babu, ambaye hakuwahi kukieleza. Kila asubuhi alikuwa anautoa uwanda rutuba kwa kinywa cha ng'ombe, kila jioni akaikusanya zizini, kisha akaipeleka penye migomba, mahali inapohitajika. Uwanda ulibaki na rutuba ndogo kwa sababu migomba ilikuwa ikishiba, na aina zile ishirini na moja zilidumu kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya mkulima, na haifanyiki kwa uzio.

Ninapoachana na mjomba ni kwenye moto. Najua kuwa moto hurusha naitrojeni hewani na kuacha fosforasi na potasiamu katika majivu, kwa hiyo unasaidia kuifanya ardhi isinenepe. Najua pia kuwa moto wa mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekauka kabisa, huua vichaka vizuri kuliko moto wa mapema ambao hupita upesi na kuunguza kidogo. Lakini moto huo wa mwisho ndio unaovuka mipaka, na jirani yetu wa mashariki ana mikorosho iliyoanza kuzaa. Katika nyika ya Saadani, penye zaidi ya kilomita za mraba 1,000 na askari wa kusimamia, moto ni chombo. Katika ekari nane za ukoo mimi naona tutumie mundu na mifugo michache, na moto tuutumie pale tu mkulagembe umeshapita nguvu ya panga.

Kukata kwenyewe kunataka kujua wakati. Ukikata mapema, mwezi Mei, unapata hei laini yenye protini, lakini mimea mingi haijaangusha mbegu, na ukifanya hivyo miaka mingi mfululizo inapotea. Ukisubiri mpaka Julai mbegu zimeshadondoka, lakini nyasi zimekomaa, na nyasi za kitropiki zilizokomaa zinaweza kushuka chini ya asilimia 7 ya protini, kiwango ambacho chini yake vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hushindwa kufanya kazi yao vizuri. Nchini Uswisi mkulima hulipwa ili asikate uwanda wa namna hii kabla ya tarehe 15 Juni katika maeneo ya tambarare, yaani taifa limekubali kubeba hasara ya protini ili maua yapate muda. Kwetu hakuna anayelipa. Kaka alipouliza, "Nani atanirudishia maziwa nitakayoyakosa?" hakuna aliyemjibu pale chini ya mwembe, na mimi pia sikuwa na jibu. Naamini ni swali la haki, na naamini halmashauri na wizara zinazozungumzia hifadhi ya mimea zinapaswa kuulizwa hilo hilo kila mara zinapomwomba mfugaji mdogo asilime.

Tulichokubaliana, na ni kidogo, ni kungoja masika mawili. Mabingobingo yatapandwa karibu na nyumba, kwenye shamba ambalo tayari limelimwa miaka mingi, na samadi yote ya zizini itakwenda huko. Uwanda tutaugawa mara mbili, nusu moja ikatwe mapema na nyingine ichelewe, tukibadilishana kila mwaka. Kona ya mkulagembe imebaki mikononi mwa binti ya shangazi, ambaye ameomba aiache nusu yake ili aone ndege gani watakaotaga humo, na sikumpinga.

Mwezi wa Julai tulifunga hei ya nusu iliyochelewa. Tunatumia sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko: unatandaza kamba mbili chini, unajaza nyasi zilizokauka siku mbili tatu juani, kijana mmoja anaingia na kukanyaga kwa miguu mpaka zikajaa sawasawa, kisha unafunga kamba na kulivua sanduku kwa juu. Kila robota lilikuwa na harufu ya kivumbasi. Robo ekari yangu nayo hukatwa na kubebwa kila mwaka bila ya kurudishiwa chochote. Huko Rothamsted walisimamisha naitrojeni katika baadhi ya vipande, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonesha kuwa aina nyingi zilirudi, hivyo bado nasubiri. Mwaka huu nimeona mche wa kunde mwitu ukiingia kutoka pembeni, urefu wa mkono mmoja.

Kaka alichukua marobota ishirini kuyajaribu bandani. Baada ya wiki mbili alinipigia simu, tukasalimiana na kuulizana habari za nyumbani, kisha akaniambia kuwa ng'ombe wameila, isipokuwa zile nyasi za mkuki walizozibagua na kuziacha chini, na kuwa maziwa ya wanaokamuliwa yamepungua. Nilimwomba aache kuwapa hao, awape mitamba na wale waliokauka wanaosubiri kuzaa, kwa kuwa mahitaji yao ya protini ni madogo. Alinyamaza kidogo, akaniuliza marobota mangapi yamebaki, na nikamwambia thelathini na manne.